Nyuma ya Mgongo wa Mwenzangu

Katika vijiji vyetu, mzee akionekana anakimbia alfajiri watu hudhani moja ya mambo mawili: ama kuna msiba, ama kuna mwizi. Mimi nililitambua hilo mwezi Mei 2013, asubuhi ya kwanza nilipotoka nyumbani na raba alizoniachia kijana wangu wa mwisho, nikashika njia iendayo barabara kuu. Kabla sijapita hata nyumba ya tatu, jirani yangu alitoka na jembe begani akanisimamisha. "Mwalimu, nani ametutoka?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyetutoka, nafanya mazoezi tu. Akanitazama kwa huruma ileile ambayo angempa mfiwa, akasema, "Pole sana, Mwalimu," akaenda zake shambani.

Nilikuwa na umri wa miaka 62, mwaka wa pili tangu nistaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Singida, na anayeijua Singida anaujua upepo wake. Mvua zikishakwisha na alizeti ikishavunwa, upepo wa kusini-mashariki huvuma mchana kutwa juu ya uwanda ule, usikute mlima wa kuuzuia wala msitu wa kuupunguza makali. Namwomba msomaji auweke akilini, maana habari yote hii imetokana nao.

Kilichonitoa kitandani kilikuwa hiki. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyekuwa akifanya kazi Arusha na aliyepata kuishi Ulaya miaka michache, alikuja na wazo la kuandaa mashindano madogo ya duatloni. Neno lilikuwa geni kwetu, akatueleza: unakimbia kwa miguu, unapanda baiskeli, kisha unashuka na kukimbia tena. Alitusimulia juu ya mji wa Zofingen huko Uswisi, ambako mashindano ya namna hiyo yalianza mwaka 1989, na watu hukimbia kilomita 10, wakaendesha baiskeli kilomita 150 milimani, kisha wakakimbia kilomita 30 nyingine. Tulicheka, tukidhani anatia chumvi. Yetu yangekuwa kilomita 5 za kukimbia, 30 za baiskeli, na 3 za mwisho kwa miguu, mwezi Septemba, na kungekuwa na kundi la wenye miaka zaidi ya 50. Jioni ileile nikaandikisha jina langu.

Watu niliwaambia ni kwa ajili ya afya. Mke wangu hakudanganyika, nami sioni sababu ya kumdanganya msomaji. Kwa miaka 38 nilikuwa mtu wa kutoa alama. Niliwapima watoto, nikawapima walimu wenzangu, na wakaguzi wakaja kunipima mimi. Mtu akistaafu, siku moja anaamka na kukuta hakuna anayempima tena. Wanamwamkia vizuri, wanampa kiti cha mbele harusini, lakini hakuna anayemwambia amepata ngapi kwa mia. Nilitaka kupata alama tena. Ni tamaa ya kitoto, najua.

Basi nikaanza. Baiskeli yangu ilikuwa Phoenix ya zamani isiyo na gia, yenye keria nyuma, niliyokwendea kazini miaka mingi. Siku tatu kwa juma nilikimbia, siku mbili nikaendesha, na Jumamosi nikafanya vyote viwili kwa kufuatana. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisikia chuoni Mpwapwa wala popote: ukishuka kwenye baiskeli baada ya saa nzima na kutaka kukimbia, miguu si yako. Ni mti mtupu. Unaiamuru, nayo inatii kwa kuchelewa, kama darasa la kwanza siku ya kufungua shule. Dawa yake ni kuizoeza, juma baada ya juma, mpaka ikubali kwamba kazi haijakwisha. Mwezi wa kwanza nilihitaji nusu kilomita nzima kabla haijarudi kuwa yangu. Kufikia Agosti zilitosha hatua mia mbili hivi.

Kila kitu nilikiandika katika daftari kuukuu la mahudhurio, mahali pa majina nikaweka tarehe, mahali pa alama za mahudhurio nikaweka dakika. Na humo ndimo nilimokutana na majaribu ya kwanza, ingawa sikuyaita hivyo wakati ule. Mtu anayejipima mwenyewe ana saa yake mkononi na kalamu yake mfukoni. Je, dakika niliyosimama kufunga kamba ya raba niihesabu? Na ile niliyosimama kumwamkia Mzee mmoja mwenye miaka 90, ambaye salamu zake si za haraka? Mwanzoni nilizitoa zote. Baadaye nikaona kwamba kamba zangu zilifunguka mara nyingi mno siku nilizochoka, nikaanza kuzihesabu. Nilijiona mtu mwaminifu sana kwa hilo. Nilikuwa hata na majivuno kidogo.

Siku ya mashindano tulifika watu kama arobaini, na wazee wa kundi letu tulikuwa watano. Mwandaaji alitusomea kanuni. Moja aliirudia mara mbili kwa kuwa ilitushangaza: wakati wa baiskeli ni marufuku kukaa karibu nyuma ya mwenzako. Kati yako na aliye mbele kuwe na mita 10. Ukitaka kumpita, pita haraka. Na ukipitwa, wewe uliyepitwa ndiye mwenye wajibu wa kupunguza mwendo mpaka nafasi ipatikane. Mzee mmoja akauliza kuna ubaya gani kufuatana, na kijana akaeleza kwamba aliye mbele hupasua hewa, na aliye nyuma yake hupita katika tundu lililokwisha kupasuliwa, akapumzika bila jasho. Katika mbio za kawaida za baiskeli, kama zile za kuzunguka Ufaransa, jambo hilo linaruhusiwa na ni sehemu ya ufundi wenyewe. Katika mashindano kama yetu kila mtu hupambana na upepo wake.

Kilomita 5 za kwanza nilizimaliza kwa dakika 32. Nikapanda Phoenix yangu, tukashika barabara ya lami iendayo Puma na Ikungi, uso kwa uso na upepo. Tulitakiwa kwenda kilomita 15 na kugeuka. Mbele yangu, mbali kiasi, niliuona mgongo wa fundi baiskeli mmoja wa mjini, mtu wa miaka hamsini na kitu, wa kundi langu. Nilijua wawili wa kundi letu wamekwisha kututangulia sana. Nafasi ya tatu ilikuwa kati yangu naye, na nafasi ya tatu ilikuwa ya mwisho yenye zawadi.

Nilipokaribia kilomita ya 9 nilikuwa nimekwisha. Macho yalijaa vumbi, mapaja yaliwaka moto, na fundi alikuwa akizidi kupungua machoni. Ndipo akanipita kijana mmoja mpana wa mabega, ambaye cheni ilikuwa imemtoka njiani akachelewa. Alipopita tu, ukimya ukaingia masikioni mwangu. Sijui nilieleze vipi. Ni kama mtu aliyekuwa amesimama nje katika dhoruba, na mtu mwingine akafunga mlango. Kelele za upepo zilikoma, pedeli zikawa nyepesi, pumzi ikarudi. Nilikuwa nyuma ya mgongo wake, pengine mita moja na nusu.

Sikujiingiza mle. Hilo nataka lieleweke, na nimelirudia moyoni mara nyingi kama mshtakiwa anayerudia utetezi. Yeye ndiye aliyekuja mbele yangu. Lakini kanuni ilisema niliyepitwa ndiye nipunguze mwendo, na nilijua. Nilijiambia kwamba nitapunguza nikishapata pumzi. Nikapata pumzi. Nikajiambia nitapunguza kwenye ule mbuyu. Mbuyu ukapita. Baada ya hapo sikujiambia kitu tena. Hapakuwa na dakika niliyosema, "Sasa naiba." Nimeitafuta dakika hiyo kwa miaka mingi sasa na sijaipata. Nilikaa tu. Nilikaa kilomita 6, mpaka kwenye geuzo, na hapo tulikuwa tumekwisha kumpita fundi aliyekuwa peke yake katikati ya upepo, ameinama mpaka kidevu kinakaribia usukani. Hakutuangalia. Tulipogeuka, upepo ukawa mgongoni mwetu sote, kijana akaenda zake, nami nikamaliza nikiwa wa tatu katika kundi letu. Fundi aliingia nyuma yangu chini ya dakika moja. Alinipa mkono. "Shikamoo, Mwalimu. Hongera." Nikasema marahaba, nikapokea cheti na shilingi 40,000, watu wakapiga makofi.

Usiku nilikaa na lile daftari la mahudhurio nikafanya hesabu, maana kazi hiyo naijua. Kabla ya kupitwa nilikuwa nikienda kilomita 18 kwa saa. Upepo tuukadirie 20 kwa saa. Maana yake hewa ilikuwa ikinipiga kama mtu anayekwenda 38, na ukinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo wa hewa ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Aliye nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa robo ya nguvu zake, hata theluthi. Kijana yule alinivuta kwa kilomita 21 kwa saa. Kilomita 6 kwa mwendo wa 18 ni dakika 20. Kwa 21 ni dakika 17 na sekunde chache. Nilipewa karibu dakika 3, nikamshinda fundi kwa chini ya moja. Nilikagua hesabu mara mbili. Ilikuwa sahihi mara zote mbili.

Sasa naomba nirudi nyuma hadi mwaka 1987.

Mwaka huo nilitumwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule moja ya mbali, wilaya nyingine. Wenye umri wangu wanakumbuka mtihani ule ulikuwa nini siku zile. Nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache kiasi kwamba shule nzima ya kijijini iliweza kutoa watoto wawili au watatu, na mwaka mwingine isitoe hata mmoja. Siku ya Hisabati nilimwona mvulana wa miaka kama 14, dawati la nne upande wa dirisha, akiinua kichwa. Aliyekuwa mbele yake alikuwa ameinua karatasi yake kuisogeza kutoka kwenye jua. Mvulana akatazama, akainama. Akakaa kidogo. Kisha akachukua ufutio, akafuta, akaandika upya. Nilikwenda nikachukua karatasi zote mbili, nikazilinganisha. Jibu lilikuwa moja.

Nilimtoa nje nikamuuliza. Hakukana. Alisema, "Mwalimu, niliona tu. Nikashindwa kusahau." Nami nikamjibu kwa sauti ambayo bado naisikia, kwamba jicho lina mwenyewe, na mtu anapoiba hujua kwamba anaiba. Nikajaza fomu. Matokeo yake yakafutwa. Shughuli yote ile, tangu kumwona hadi kutia saini, haikuzidi robo saa.

Sikulala vibaya siku hiyo. Nilikuwa nimetekeleza wajibu, na hata leo sisemi kwamba fomu haikupaswa kujazwa. Mtihani ambao msimamizi hufumba macho kwa kumwonea mtoto huruma si mtihani, na anayelipa gharama ya huruma hiyo ni mtoto mwingine, aliyefunika karatasi yake na kukosea kwa akili yake mwenyewe. Lakini usiku ule wa Septemba 2013, na daftari mapajani, nililiona jibu nililompa mvulana yule kwa jicho jingine. Nilimwambia mtu hujua. Kumbe si lazima. Kuna kuiba kunakoanza kwa kupewa. Mlango unafungwa na mtu mwingine, unajikuta ndani, na kosa lako halina kitendo cha kunyooshewa kidole. Kosa lako ni kutotoka. "Niliona tu, nikashindwa kusahau." Mtoto wa miaka 14 alilieleza jambo hilo vizuri kuliko nitakavyolieleza mimi katika kurasa hizi zote, nami nilikuwa nimemwona mjanja anayetafuta maneno.

Nilijaribu kujitetea. Msomaji asidhani mwalimu mkuu mstaafu hana hoja. Nilisema: nimemwibia nani? Kijana wa mbele hakupoteza kitu. Upepo aliupasua kwa ajili yake mwenyewe, nami nyuma yake sikumpunguzia hata hatua moja. Ni kama kuomba moto kwa jirani: unaondoka na kaa lako na moto wake unabaki palepale. Hoja nzuri, na ni hoja ileile ya mwanafunzi anayenakili, maana anayenakiliwa naye habakiwi na pungufu. Ila katika hesabu hii kulikuwa na mtu wa tatu, ambaye hakuwa mbele yangu wala hakunipa chochote. Alikuwa pembeni, peke yake katika upepo, kidevu karibu na usukani.

Nikajaribu nyingine. Nikasema, huu ni ubaya wa makubaliano tu. Huko Ufaransa ningeitwa hodari. Hata shuleni, Jumatatu tunawaambia watoto saidianeni, kaeni kwa makundi, anayejua amfundishe asiyejua. Jumanne ya mtihani tunawaambia kila mtu afunike karatasi yake. Tendo ni lile lile. Kwa hoja hii nilijishikilia muda mrefu, karibu juma zima, mpaka nikaona inakoanguka. Ni kweli ni makubaliano. Lakini tulikubaliana kupima kitu gani? Siku ile tulikubaliana kumpima kila mtu na upepo wake. Nilikuwa nimeamka alfajiri miezi minne kwa sababu nilitaka kupewa alama, kisha nikapokea alama ya mabega ya mtu mwingine. Mpaka leo sijui ningemaliza vipi siku ile. Dakika zilizomo katika daftari zote ni zangu, hata zile za kamba za raba, isipokuwa za siku hiyo moja.

Mwaka 1968 nilikuwa kijana wa miaka 17 wakati John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, huko huko kaskazini mwetu, alipokimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico. Alianguka njiani, akaumia goti na bega. Walianza watu 75 na wakamaliza 57, naye akawa wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Shuleni nimewasimulia watoto habari zake mara nyingi nikiwafundisha uvumilivu. Baada ya kiangazi kile nilianza kuzitazama namba zake zaidi ya goti lake. Saa 3:25:27. Ni alama mbaya, na hakuna sekunde moja ndani yake ambayo ni ya mtu mwingine. Naikuta nikiionea wivu.

Na mwishoni mwa mwaka uliotangulia mazoezi yangu, Desemba 2012, kulikuwa na mbio za nyika kule Burlada, Hispania. Abel Mutai wa Kenya, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya London mwaka ule, alikuwa akiongoza, akadhani amekwisha kuuvuka mstari, akasimama kabla haujafika. Nyuma yake alikuwa Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kupita. Akapunguza mwendo, akamwelekeza Mkenya mpaka mstarini, naye akaingia wa pili. Dunia ilimsifu, lakini mimi kilichonigusa zaidi ni kwamba mwalimu wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa 1995, alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe asingefanya hivyo. Namheshimu Fiz kwa ukweli huo. Pia nimeona kwamba ukweli wake haukubadilisha chochote katika alilopaswa kufanya Fernández. Mbele yake alikuwapo mtu aliyesimama kimakosa. Mbele yangu alikuwapo mtu aliyenipita kihalali. Sote wawili tulipewa kitu tusichokiomba. Yeye alipunguza mwendo.

Nilikwenda kwa mwandaaji kwanza. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Alicheka kwa upole, kama vijana wanavyowacheka wazee wanaowapenda. "Mwalimu, matokeo yamekwisha kubandikwa. Hakuna aliyelalamika. Hizo kanuni ni kali kwa ajili ya Ulaya huko." Nikamwambia yeye ndiye aliyezisoma mara mbili. Akasema basi mwakani tutaweka wasimamizi wengi zaidi barabarani. Nilitambua kwamba nilikuwa nimempigia nikitumaini atasema hivyo hasa.

Kwa fundi nilikwenda mwezi Februari 2014. Miezi mitano. Mvulana yule nilimhukumu kwa robo saa, mimi mwenyewe nilijihitaji miezi mitano, na katika muda huo nilipita mbele ya kibanda chake zaidi ya mara kumi, mara mbili nikiwa na pancha, nikaisukuma baiskeli hadi kwa fundi mwingine wa mbali.

Alikuwa peke yake chini ya mwarobaini, gurudumu limepinduliwa mapajani, anakaza spoki. Aliniamkia, akanivutia kigoda. Nilitoa shilingi 40,000 nikaziweka juu ya boksi lake la vifaa, nikamweleza: kijana, mita moja na nusu, kilomita 6, dakika 3. Aliendelea kukaza spoki. Nilipomaliza akalizungusha gurudumu, akalitazama kama limenyooka.

"Nilijua," akasema. "Mlipita pamoja kama ng'ombe na mkokoteni."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani, Mwalimu? Nawe ndiye uliyemfundisha mwandaaji." Akakaza spoki nyingine. "Halafu ningekuwa mimi nyuma ya yule kijana, nami ningekaa palepale. Upepo ule?"

Nilisubiri moyo wangu upate nafuu kwa maneno hayo. Haukupata. Pengine kwa sababu sikuwa nimekwenda kumuuliza yeye angefanya nini.

Akachukua noti, akazihesabu bila haya, akanirudishia 10,000. Nilipomuuliza za nini akasema ni za kijana, yeye ndiye aliyefanya kazi. Tulicheka sote. Cheti hakukitaka. Kisha akaniuliza kwa nini nimehangaika hivyo kwa jambo lililokwisha kupita, nami, sikukusudia, nikajikuta namsimulia habari za mvulana wa mwaka 1987, dawati la nne upande wa dirisha. Nikamwambia pia kwamba niliwahi kupita shule ile baada ya miaka mingi nikauliza habari zake, nikaambiwa alikwenda machimboni na hawajui zaidi ya hapo.

Fundi alisikiliza akiwa ameliweka gurudumu chini. Mafundi ni watu wa kuuliza maswali madogo.

"Lilikuwa swali gani?"

"Mzunguko wa shamba. Shamba la mstatili."

"Na lile jibu aliloliiba, lilikuwa sahihi?"

Katika miaka 26 hakuna aliyepata kuniuliza hivyo, wala mkaguzi, wala mwalimu mkuu wa shule ile, wala baba yake mtoto, aliyekuja kusimama mlangoni na kofia mkononi na kuondoka bila kusema neno.

"Halikuwa sahihi," nikamjibu. "Yule wa mbele alitafuta eneo badala ya mzunguko."

"Na lile alilolifuta?"

Lilikuwa bado linaonekana chini ya alama za ufutio. Nililiona siku ileile, wakati nalinganisha karatasi.

"Lile lilikuwa sahihi."

Fundi alikaa kimya. Ng'ombe walipita barabarani na vumbi lao, tukawangoja wapite.

"Na hilo uliliandika kwenye fomu?"

"Hapana," nikasema. "Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo."

Akaliinua gurudumu, akalirudisha mapajani, akaendelea na spoki zake. Nilikaa pale kigodani mpaka akafunga kibanda.